Hodi Kwenye Gofu

Mama yake Mgeni hakuwa mke wala hakuwa mjane. Kati ya maneno hayo mawili pana ufa mwembamba ambao wenye bahati huuruka bila kuuona, na Bi Mize alikuwa ameishi ndani ya ufa huo tangu asubuhi ile mumewe, Vuai, alipovaa kofia yake ya viua, akasema anakwenda kutembea kwenye bustani ya watawa na kwamba jioni atarudi. Jioni ikafika, Vuai hakufika. Angekuwa amekufa, mambo yangekuwa na njia yake. Bi Mize angekaa eda, angevua mapambo, angejifungia ndani na kulia mpaka kilio chenyewe kimchoke, kisha siku ya kutoka ingefika, angeoga, angefungua mlango na kuanza maisha mengine. Lakini nani amewahi kukaa eda ya mtu aliyekwenda kutembea? Basi alikaa tu. Alivaa bangili mkono wa kulia peke yake, kwa sababu hakujua kama kuvaa bangili ni haki yake au ni dhambi yake, na mkono wa kushoto aliuacha mtupu. Hivyo ndivyo alivyozeeka, nusu bibi harusi nusu mfiwa, na majirani wakamzoea.

Mgeni alikuwa mtoto wa mikononi baba alipoondoka. Hata jina lake ni mzaha wa baba huyo. Siku aliyozaliwa, Vuai alichungulia chumbani, akakiona kile kiumbe kimefinya ngumi, akasema: leo nyumba imepata mgeni, mpeni kiti. Wanawake wakacheka, mzaha ukaganda, ukawa jina. Kwa hiyo Mgeni alikulia katika nyumba ambamo kila aliyebisha hodi alipokewa kwa jina lake yeye. Karibu mgeni, mama aliwaambia wapita njia, wauza mkaa na waliopotea, na yule mtoto aligeuka kila mara akidhani ameitwa. Masikio hayajui herufi kubwa na ndogo. Mpaka anaota mvi hakuwa na hakika kama nyumbani kwao yeye ni mtu au ni neno tu la kuwapokelea wengine.

Sasa Bi Mize alikuwa kalala na hakutarajia kuinuka. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kufa kabla hajajua anakufa akiwa nani. Alimwita binti yake, akamshika kwa ule mkono wenye bangili.

"Nenda kaniletee baba yako," alisema. "Kama hayupo, niletee kifo chake. Kimojawapo kitanitosha."

Mgeni akaitikia. Alikuwa ameshafika kizingitini mama alipomwita tena.

"Akija, asibishe hodi. Hii nyumba yake. Akibisha hodi nitajua si yeye."

Njia ya kwenda bustani ile haimo katika nchi yoyote, na aliyeipita hawezi kumwelekeza mwenzake. Mgeni alitembea. Alipita mahali pa joto akavua mtandio, akapita mahali pa baridi akajitanda tena, na kila alipomuuliza mtu kama bustani ya watawa iko mbele au nyuma, alijibiwa ndiyo. Alipofika langoni alikuwa bado na umri wake. Jambo hilo hakulitilia maanani wakati ule. Baadaye ndipo alipoelewa kwamba ndani ya lango hakuwamo mwingine aliyeweza kujisifia hivyo.

Aliyempokea ni mwongozi wa wageni, mtu mfupi mwenye mwavuli uliokunjwa ambao hakuufungua hata kulipomanyunya, maana kazi ya mwavuli ule ilikuwa kuonyeshea vitu. Jina lake Kombo. Alikuwa na sauti nzuri na hamu kubwa ya kusikilizwa, ila alikuwa na kasoro moja: mambo yaliyopita aliyasema kana kwamba bado yanakuja. Watawa watajenga nyumba yao pale bondeni, alisema, akiuelekeza mwavuli kwenye ukungu. Watachonga mawe, watainua matao, watafuga samaki, kisha mfalme atawafukuza. Mgeni alimkumbusha kwa upole kwamba hayo yote yamekwisha kutokea zamani mno. Kombo akamtazama kwa huruma.

"Dada, wewe umeingia leo," alisema. "Mimi nipo hapa."

Wakashuka. Bustani ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulimkera Mgeni tangu mwanzo, ingawa hakujua kwa nini. Mto uliokuwa ukipinda kwa hiari yake ulikuwa umenyooshwa, ukaamriwa kupita katikati ya nyasi zilizonyolewa, nao ulipita bila kutoa sauti. Palikuwa na bwawa la duara, na ubavuni mwake mabwawa mawili ya umbo la mwezi mwandamo, na ndani ya maji hayo samaki hakuna, bali vivuli vya sanamu zilizosimama ukingoni zikijitazama. Miti ilipandwa ionekane imejiotea yenyewe. Kombo alilisema hilo kwa fahari, kwamba walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kufikiri ni wapi mti usiopangwa ungependa kusimama. Mgeni aliupapasa mmoja. Ulikuwa mti wa kweli, wenye gome na sisimizi, na hilo halikumliwaza hata kidogo.

Habari ya nyumba yenyewe, ukiyageuza maneno ya Kombo yarudi kwenye wakati wake, ilikuwa hivi. Watawa wale walikuwa wameapa kunyamaza. Walilima kimya, walikula kimya, walizikana kimya. Neno moja tu waliliruhusu, na aliyeruhusiwa kulisema ni mtawa wa mlangoni: mtu akibisha hodi, ajibiwe karibu. Waliona kwamba nyumba isiyoweza kujibu hodi haina tofauti na kaburi. Ikawa siku moja mfalme wa nchi akayatamani madini ya risasi yaliyoezekwa kwenye paa lao na shaba ya kengele zao. Askari wakaja, na askari hawakubisha hodi. Mtawa wa mlangoni alisimama akiisubiri hodi ili apate kusema neno lake, na kwa kuwa haikuja, alitolewa nje akiwa bado amelifumbata mdomoni. Paa likashushwa, kengele zikayeyushwa, watawa wakatawanyika. Neno likabaki mle ndani halina kinywa.

Kisha akaja Mwenye Bustani. Naye hakubisha hodi, alilinunua bonde zima pamoja na mvua yake. Alilitazama gofu akaona halijabomoka vizuri. Akaamuru ukuta mmoja uangushwe ili dirisha kubwa lisimame peke yake, akapanda miti ya kulificha, akaifyeka mahali pamoja ili mtu akikata kona limtokee ghafla. Hapo akapaita Mahali pa Kushangaa, akaweka benchi. Bado moyo wake haukutulia, kwa sababu gofu lilikuwa halina mtu. Basi akatafuta mtu wa kukaa humo, asinyoe ndevu, asikate kucha, aonekane kwa mbali amejiinamia, na akibishiwa hodi aseme karibu, ili wageni waseme wameiona nyumba ya watawa pamoja na mtawa wake. Mtawa wa pambo. Ndivyo neno lilivyopata kinywa.

Mgeni aliuliza huyo Mwenye Bustani yuko wapi, maana alikuwa na maneno ya kumwambia. Kombo alifikiri, akajibu kwamba ama amekufa ama hajazaliwa, lakini maagizo yake yapo.

Wakakata kona, gofu likawatokea. Kombo akasogea kando na kumwachia nafasi ya kushangaa, kama afanyavyo mtu aliyeshika taulo akikusubiri unawe.

Na Mgeni alishangaa, ndilo lililomuumiza. Dirisha lile refu lisilo na kioo, limejaa anga; matao yaliyoshikana mikono juu ya nyasi; mawe yaliyooza kijani kwa taratibu kubwa. Alisikia koo lake likitoa ile sauti ambayo benchi lile lilitengenezwa liisikie. Ni mzuri, alijiambia, msiba huu ni mzuri, na mara akataka kujipiga kofi. Kwa nini waliovunja nyumba hupenda kukaa mbali kidogo na kuitazama? Aliyeibomoa alitaka paa. Aliyemfuata alitaka ubomokaji wenyewe, akautunza, akauwekea watu wa kung'oa magugu ili usizidi wala usipungue, usianguke ukaisha wala usijengwe ukapona. Kulijenga gofu kungekuwa kuliharibu. Hapo Mgeni alimwona mama yake. Alimwona kitandani, mkono mmoja una bangili na mmoja hauna, na wanawake wa mtaani wamewaleta mabinti zao kumwangalia. Tazameni subira ya Bi Mize, waliwaambia, tazameni mwanamke. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia mama, vua hizo bangili au vaa zote. Walimpenda vile vile alivyokuwa, katikati. Naye Mgeni alikuwa akiwaletea viti wale wanawake, akiona fahari kuwa mtoto wa mwanamke anayetazamwa. Aibu ilimpanda mpaka machoni.

Ndipo alipoiona kofia. Chini kule, ndani ya gofu, palikuwa na mtu amejiinamia, na juu ya kichwa chake kofia ya viua. Mgeni alianza kuteremka bila kuaga. Kombo alimkimbilia, na kwa mara ya kwanza mwavuli wake haukuonyesha kitu.

"Humo ndani ukisikia hodi, nyamaza," alisema. "Hata iwe ya mtu wako. Anayesema karibu ndiye mwenyeji, na mwenyeji haondoki wakati ana wageni."

Mgeni alimuuliza wageni huisha lini. Kombo alicheka mpaka akajishikilia kwenye mti usiopangwa.

Hodi hubishwa mlangoni. Mgeni alilijua hilo kabla hajajua kutembea, ndiyo maana alipofika kwenye nyumba isiyo na mlango alibaki amesimama hajui afanye nini. Palikuwa na tao, chini yake jiwe lililoliwa katikati na nyayo za watu waliokwisha. Angeweza kupita. Hapakuwa na ubao wa kumzuia wala ukuta kulia na kushoto. Kondoo wangeweza kupita. Lakini miguu ilikataa. Alijitanda vizuri, akakohoa kidogo, akabisha hodi kwenye hewa. Kimya. Akabisha ya pili. Njiwa wakaruka dirishani. Alijua kama watu wote wajuavyo kwamba hodi ni tatu, na ya tatu isipojibiwa mtu hugeuka akaenda zake, hata kama ametoka mbali namna gani. Akaibisha ya tatu kwa sauti ya chini, karibu aiombe isitoke.

"Karibu, mgeni," sauti ikajibu.

Ameniita. Hapana, amemwita yeyote. Ni baba, amenijua kwa sauti. Amenijulia wapi sauti, aliniacha sina hata jino. Ameniita. Ni neno tu, Mgeni, ni lile lile neno, umelisikia maisha yako yote na kila mara umegeuka. Usigeuke. Nimegeuka. Nimekwisha kugeuka.

Akaingia. Ndani hapakuwa ndani. Sakafu ilikuwa nyasi na dari ilikuwa mawingu. Vuai aliinuka kutoka kwenye jiwe alilokalia, akajikung'uta, na Mgeni akaona kwamba baba yake ni kijana. Ndevu zilikuwa ndefu, kucha zilikuwa ndefu, lakini ngozi iliyokuwa nyuma ya ndevu ilikuwa ya mtu aliyeoa juzi. Macho yalikuwa yale aliyoyaona kila siku kwenye kioo, ila hayakuwa yamechoka. Vuai alimwona mwanamke wa makamo mwenye mvi, amelowa, amesimama kwenye nyumba yake, akafanya alichofundishwa na wazazi wake.

"Shikamoo, mama."

Salamu hiyo ina jibu moja, na kulitoa jibu hilo ni kukubali kwamba wewe ndiye uliyetangulia duniani. Mgeni alifungua kinywa, marahaba haikutoka. Angeitoa angekuwa amemzaa baba yake. Uso wa Vuai ukaingia wasiwasi wa mtu anayefikiri amekosa adabu bila kujua wapi. Basi Mgeni akaona ayaweke mambo mahali pake.

"Shikamoo, baba," akasema.

Vuai akageuka nyuma kuangalia ni mzee gani aliyeingia.

Alipoona hakuna mtu, alicheka kwa heshima, akampangusia jiwe akae. Alimweleza habari zake bila kuombwa. Alikuwa ametoka kwake asubuhi hii hii, kutembea tu. Manyunyu yakamkuta hapa, akajibanza chini ya tao. Mara akasikia mtu anabisha hodi nje. Alijua nyumba si yake, akanyamaza akisubiri wenyewe waitikie. Hodi ya pili ikaja. Alimwona mbishaji kwa upenyo, amesimama na mvua inamwangukia, anaingoja nyumba imjibu. Aliona aibu, alisema Vuai. Binadamu anabisha na mwingine yumo ndani anamsikia, amejinyamazia. Akamwambia karibu. Tangu hapo hodi hazijakatika. Ataondoka jioni, wageni wakipungua.

Alikuwa na jambo jingine la ajabu la kumsimulia. Humu ndani mtu husikia hodi za kila mahali, si za hapa tu. Kwa kuwa paa hakuna, zote zinaingia. Mwanzoni zinachanganya, halafu unajifunza zipi zako. Hata za nyumbani kwake huzisikia. Mtu akibisha kwake, husikia mkewe akishusha pumzi kwanza, pumzi nzito, ndipo anaitikia karibu. Vuai hakuelewa kwa nini mke aliyemwacha mzima asubuhi anashusha pumzi namna ile. Mgeni alielewa, akashika jiwe.

"Nimefikiri sana humu, mama," Vuai aliendelea. "Wanaoingia nyumba bila hodi ni wawili tu. Mwenyewe, na anayekuja kuivunja. Nimeitazama hii nyumba nikaona sijui mtu hujuaje yeye ni yupi kati ya hao." Kisha uso ukamfunguka. "Lakini mimi kwangu nakujua. Nina mke. Na mtoto mchanga, anaitwa Mgeni."

"Mimi ndiye Mgeni."

"Ndiyo, mama. Nimeshakukaribisha."

"Mimi, baba. Mgeni."

"Naona. Wa hapa nawajua."

Alimwambia yeye ni mwanawe. Vuai aliinamisha kichwa, akashukuru, akasema ni heshima kubwa mtu mzima kumwita kijana baba. Mgeni alitamani kulia na alitamani kucheka, na vyote viwili vikasongamana kwenye mlango mmoja. Aliona kwamba jina alilopewa na mtu huyu ndilo linalomfunga nje. Akatafuta kitu ambacho hakuna mpita njia angekuwa nacho, na katika maisha yake yote aliona anacho kimoja tu.

"Siku niliyozaliwa ulichungulia mlangoni," alisema. "Ukasema, leo nyumba imepata mgeni, mpeni kiti."

Vuai alimsogelea. Aliutazama uso wa yule mwanamke, akaitazama mikono yake, mikono ya mtu aliyekwisha kufua nguo za maisha mazima, kisha akaitazama ya kwake na zile kucha. Akavua kofia. Alilia kwa sauti, kama walivyo vijana ambao bado hawajajifunza kulia kidogo kidogo, na Mgeni alimkumbatia na kumpigapiga mgongoni, naye alihisi uchungu na furaha ambavyo hakuweza kuvitenganisha. Alipopata pumzi, Vuai aliuliza kama amechelewa. Mgeni akamjibu kwamba amechelewa.

Alimwambia twende. Vuai akainuka, akapiga hatua kuelekea kwenye tao, na kutoka nje, kwenye mvua, mtu akabisha.

"Hodi."

Kinywa cha Vuai kilifunguka chenyewe. Mgeni akakiziba kwa kiganja. Alihisi lile neno likisukuma meno kutoka upande wa pili, likiwa zee kuliko wao wote wawili, na mwili mzima wa baba yake ukitetemeka kwa kulizuia. Nyamaza, alimnong'oneza, nyamaza baba, hodi ni tatu tu, ataondoka.

"Hodi jamani."

Ilikuwa sauti ya bibi kizee. Alikohoa, na kikohozi kilikuwa kile cha mtu aliyesimama sana. Mvua ilizidi. Mgeni aliendelea kukibana kinywa cha baba kwa mkono wake wa kulia, kisha akaongeza wa kushoto. Alikumbuka onyo la Kombo. Alikumbuka ufa ambao mama yake yumo ndani yake, na kwamba kuutoka ni suala la kunyamaza kidogo tu, kitambo cha mtu kumeza mate. Hakuwahi kutaka kitu maishani mwake kama alivyoutaka ukimya ule.

"Hodi wenyewe," alisema bibi kizee kwa unyonge, tayari anageuka.

"Karibu," akasema Mgeni.

Lilitoka kabla hajalijua. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kinywa cha baba. Cha kwake hakikuwa na wa kukiziba. Vuai alimwondoa taratibu, akamtazama kwa hofu.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Niliona aibu," alisema Mgeni.

Bibi kizee aliingia, akakung'uta viatu, akashukuru. Alilitazama dirisha, akasema hao watu walijua kujenga, masikini. Alimuuliza Mgeni kama amekaa hapo siku nyingi, hakungoja jibu, akatoka. Hivyo tu. Lakini Vuai alikuwa amesimama kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, shingo haijazoea, na Mgeni alipojaribu kupiga hatua kuelekea kwenye tao aliona haja ya kwenda popote imemtoka, kwa sababu mbali kwenye miti alikwisha kuwaona wageni wengine wakikata kona.

Vuai alikataa kuondoka. Alisema atakaa yeye, amezoea. Mgeni alimwambia mke wake yuko kitandani na hana muda, na kwamba kama anamtakia kheri mtoto aliyempa jina kwa mzaha, basi aende sasa hivi, jioni haijapita. Akamkalisha kofia vizuri kichwani kama mama amvalishavyo mwanawe.

"Ukifika usibishe hodi," alimwambia. "Sukuma mlango uingie. Anakusubiri usibishe."

"Bila hodi?"

"Nyumba yako, baba."

Vuai aliitazama ile sehemu ambapo ukuta uliangushwa ili dirisha lionekane.  Kisha akaahidi, na ahadi yake ilikuwa ya kweli kabisa. Mgeni alimwona akipanda kilima, akipita Mahali pa Kushangaa bila kugeuka, na Kombo akainua mwavuli kumwonyesha njia.

Aliketi kwenye jiwe. Wakaja wageni akawakaribisha, wakaja wengine. Katikati ya hodi zao alianza kuzisikia hodi nyingine, za nyumba za mbali, za miji asiyoijua, watu wakibisha kwenye mbao, kwenye mabati, kwenye mapazia, na duniani kote wengine wakiitikia. Alizichambua moja moja mpaka akaipata nyumba yao. Alikijua kimya chake. Kulikuwa na pumzi ya mama, nyembamba, na kugongana kwa bangili za mkono mmoja kila alipojigeuza.

Halafu akasikia nyayo barazani. Mama naye alizisikia. Kitanda kililia, Bi Mize alikuwa anainuka kuketi. Ilikuwa jioni. Alirudi jioni, kama alivyosema. Mgeni alijiziba kinywa kwa mikono yote miwili, safari hii cha kwake. Sukuma, baba. Hizo nyayo anazijua. Amezijua kabla hujafika. Usiuangalie mlango, huo mlango uliununua wewe, usiwaze mtu hujuaje yeye ni yupi, mwenyewe au mvunjaji. Wewe si wao. Sukuma.

Nyayo zilisimama. Mtu alisikika akivuta pumzi, mtu mwenye adabu, aliyekaa muda mrefu kwenye nyumba iliyovunjwa na wasiobisha.

"Hodi," alisema Vuai.

Bi Mize alishusha pumzi. Ilikuwa ndefu kuliko zote, na ilipokwisha, kungoja kuliisha nayo. Kisha Mgeni akasikia bangili. Zilikuwa zinavuliwa, moja, halafu nyingine, na kila moja ikiwekwa juu ya meza bila haraka, mpaka mkono ukabaki hauna sauti.

"Karibu, mgeni," alisema mama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mgeni hakugeuka. "Ila utaniwia radhi, sitakufungulia. Leo nimeanza eda ya mume wangu."